Mpira Uliochelewa

Jumamosi anarusha Kagoya, binti wa dada yangu.
Mkono wake unazunguka mara moja begani
kama pangaboi lililorudishiwa umeme ghafla,
halafu pa! Glavu ya Apio imeshajibu
kabla mpigaji hajamaliza kumeza mate.
Walukuba nzima huja kusikia hiyo pa.
Mchezo wa kasi huo, wanasema, mama wee.

Mimi nakaa juu ya tofali,
ubavuni mwa kiwanda cha nguo kisichofuma tena,
nahesabu vitu vingine.
Penye besi ya pili Naigaga anafunga kamba za viatu,
anazifungua, anazifunga upya.
Kulia kabisa, kule kwenye nyasi ndefu,
mtoto wa Mutesi anawatazama kaloli juu ya bomba la moshi;
tangu saa nane hajagusa mpira.
Awamu saba. Moja kwa bila.
Mpira ulikimbia mchana kutwa
na watu wakasimama.

Jumapili, ibada zikiisha, uwanja ni wetu:
mimi na goti hili linalojua mvua kabla ya redio,
Tibita wa nyanya, mwalimu Isabirye na kitambi chake,
Wandera wa bodaboda, asiyevua helmeti
kwa kuwa, asema, hawaamini wanawake wenye gongo.
Kwetu mpira sharti upande,
upite juu ya kichwa cha mtu mrefu, kisha ushuke wenyewe.
Naurusha kama anayemrushia jirani ufunguo juu ya ukuta.
Unapanda. Mishono yake yaonekana, mmoja mmoja.
Tibita anapata nafasi ya kukaza leso,
ya kunitukana kidogo,
ya kukumbuka deni la kikundi na kulisahau,
na mpira bado uko juu
unafikiri.

Halafu unashuka, naye haukosi.
Hapo sasa! Wandera mbio, Isabirye mbio na kiatu kimoja,
vumbi jekundu, nani ana mpira, mpira uko wapi,
mpira umetua ndani ya unga wa muuza chapati
naye hautoi mpaka alipwe,
Tibita anapita besi ya tatu ameshika leso kwa mkono mmoja,
rudi! usirudi! nenda!
Kumi na tisa kwa kumi na saba,
au kumi na nane, wengine wanabisha hadi leo.
Hakuna aliyepata muda wa kufunga kamba.

Basi upi wa kasi, upi wa pole?
Haraka haina baraka, ananiambia mmoja.
Ngojangoja huumiza matumbo, ananijibu mwingine.
Methali nazo zina timu zake,
zikipigana mimi hukaa nje ya mstari.

Ila Jumapili iliyopita Kagoya alikuja, akachukua gongo.
Akacheka. Huu nao ni mpira, mama mdogo, au ni embe?
Nikaurusha.
Gongo likapita, upepo ukapita,
mpira ukaja baadaye, peke yake, kama mgeni asiye na habari
kwamba sherehe imekwisha.
Mara ya pili hivyo hivyo.
Mara ya tatu aling'ata mdomo, akasubiri, nikaona mabega yake yakisubiri,
lakini nyonga zilikuwa zimeshaondoka.

Watu walicheka hadi kaloli wakahama.
Yeye hakucheka. Alikuja hadi nilipo,
msichana ambaye hajawahi kuniuliza lolote,
akaniuliza: Unangojaje?

Nilitaka kusema neno kubwa.
Niliwahi kurusha kama yeye, nina picha,
nyuma yake pameandikwa mwaka kwa wino uliokwisha kukimbia.
Nikamwambia kweli tu: Sijui. Ni goti.

Akarudi kusimama pale pale.
Tibita akapiga kelele, zamu yake imekwisha huyo!
Nikajifanya sijasikia, nikautupa mpira juu,
juu kuliko sheria inavyoruhusu,
na sote, hata muuza chapati,
tukainua nyuso.